Bombei hadi Kalkuta, na Ufagio wa Bibi Yako

Chanika, Handeni
Jioni, kabla ya kuwasha taa

Mhina mwanangu,

Salamu zote nimekwisha kukupa kwa mdomo, kwa hiyo kwenye karatasi hii sitazirudia. Ukiishika barua hii utakuwa ndani ya treni, nami nitakuwa nimebaki stesheni ya Korogwe nikipunga mkono. Nimepanga nikupe wakati treni inaanza kusogea, si kabla, kwa sababu nikikupa mapema utanijibu palepale, na kwa maneno siku hizi unanishinda. Tafadhali isome sasa hivi, usiitie mfukoni. Nataka uimalize kabla hujafika Mnyuzi. Sababu utaiona.

Mambo ya shuka, ya kuficha tikiti ndani ya fulana, ya kutokula vya kupewa na usiyemjua, shangazi yako amekuimbia wiki nzima mpaka na mimi nimeyakariri. Sina la kuongeza. Nimekaa hapa barazani kwa jambo moja tu, nalo ni lile swali uliloniuliza juzi.

Ulikuwa umepiga magoti unalifunga sanduku kamba. Ukaniuliza bila kuinua uso, "Baba, ndege ya kutoka Bombei mpaka Kalkuta inakwenda muda gani?" Nikafurahi. Unajua ninavyofurahi nikiulizwa habari za nchi zile. Tangu nirudi kutoka Keya, jeshi la Mwingereza, hapa Chanika hakuna asiyechoshwa na vita vyangu vya Bama, wengine wakiniona nasafisha koo wanakumbuka wana kazi nyumbani. Nikaokota kijiti nikaichora Bara Hindi yote pale chini: hapa Bombei, meli itakapokushusha, kule upande wa pili Kalkuta, kilipo chuo chako. Kati yake maili elfu moja na ushei. Kwa treni ni kutwa kucha na kutwa tena. Lakini kwa kuwa meli itachelewa na chuo kitakuwa kimekwisha kufunguliwa, wamekukatia ndege, na ndege inaruka asubuhi, adhuhuri umetua. Nilikueleza hayo nimevimba kichwa, utadhani ndege ni mali yangu.

Halafu ukauliza, "Na kurudi?"

Nikacheka. "Kwani njia inarefuka mtu akigeuka?"

Wewe hukucheka. Uliinamia kamba yako ukaikaza. Nyuma yako, kwenye mlango wa jiko, bibi yako alikuwa anachambua kunde, na kila baada ya viganja viwili anaacha, anaweka mkono kifuani, anangoja pumzi irudi. Mimi niliona kunde tu. Tena nikawaza kwamba zimeingia wadudu.

Jana Mzee Hizza alipokuja kutoka Magoma kukuaga, baada ya kula alinivuta pembeni, kwenye banda la mbuzi. Akaniambia, "Ndugu yangu, mimi sipendi kubeba maneno. Lakini huyu kijana wako alipokuja kwangu wiki ile aliniomba nimtunzie sanduku."

"Sanduku lipi?"

"Hilo hilo la safari. Anasema treni ikisimama Mnyuzi atashuka. Kuna nafasi ya ukarani kwenye shamba la katani, wamemwahidi. Jumamosi atakuwa anakuja kumwona bibi yake."

Hasira zangu unazijua. Nilikwisha kugeuka nikuite palepale mbele ya wageni, nikuulize kama walimu waliokuhangaikia na watu wa Chanika wote waliokuja kula pilau yako wamekuwa vichekesho. Hizza akanishika mkono. Akasema, "Kabla hujafoka, kumbuka sweta."

Nikaikumbuka. Hasira haikuniisha saa ileile, nisikudanganye, lakini ilipungua mpaka nikaweza kurudi barazani na kukutazama kama mtoto wangu. Usiku nikaamua nisikuseme. Nikuandikie.

Habari ya sweta unaijua nusu tu, ile nusu ya kuchekesha ninayowasimulia watu kwenye harusi. Sasa isome yote.

Sisi tuliokua kabla ya malori, umbali kwetu ulikuwa jua na mguu. Mtu akikuuliza Korogwe ni mbali kiasi gani, humtajii maili. Unamwambia: toka alfajiri, tembea, lala njiani, kesho yake jua halijawa kali utaliona daraja la mto. Amekwisha kuelewa, tena ameelewa mpaka chakula cha kubeba. Kwa kipimo hicho ndivyo nilivyokwenda vitani. Kutoka Kalkuta kwenda milima ya Imfal tulipanda treni, tukavushwa mto ambao ng'ambo yake haionekani, tukapanda treni nyingine, tukapakiwa kwenye malori, halafu tukatembea ndani ya matope siku ambazo niliacha kuzihesabu. Kila tulipotua mzigo nilijiambia, hapa ndipo, kesho naandika nyumbani kwamba nimefika. Kesho tunaambiwa fungeni mizigo. Nilikuwa na karatasi na kalamu ya risasi nilizopewa na mama yako siku ninaondoka, nikazibeba hivyo hivyo mpaka karatasi ikaozea mfukoni kwa mvua. Nilisubiri nifike ndipo niandike, na askari hafiki mahali.

Kisha nikaumia paja. Hizza na wenzake wakanibeba mpaka kiwanja cha nyasi ambako ndege zilikuwa zinashusha risasi na kupakia majeruhi. Mvua inanyesha, na mvua ya kule milimani ni ya baridi, si hii yetu. Hizza akavua sweta yake, akanifunika. Nikamwambia, "Na wewe je?" Akasema, "Utanirudishia." Wakaniingiza kwenye ndege, mlango ukafungwa.

Sikumbuki mengi ya huko juu. Nakumbuka masikio yaliuma na jirani yangu alikuwa anasoma dua. Lakini jua nalikumbuka. Tulipoondoka lilikuwa limepanda kidogo tu, na waliponishusha Kalkuta lilikuwa bado halijafika utosini. Nikapiga hesabu zangu za Handeni nikiwa juu ya machela: safari haijatimiza nusu siku. Haifiki hata mwendo wa kwenda Korogwe. Basi ile njia ndefu ya kwendea walituzungusha tu, na Hizza yuko pale nyuma ya kilima, hana sweta.

Sikumwuliza mtu, kwa sababu sikuona la kuuliza. Nililala pale hospitali nikisubiri mguu upate nguvu, na mvua ikinyesha usiku nilikuwa sipati usingizi, namfikiria mwenzangu anavyotetemeka hapo jirani. Siku nilipoweza kusimama na fimbo, nikaondoka asubuhi wauguzi wakigawa uji. Nilivaa nguo zile za mistari za hospitali, miguu mitupu, sweta begani, nikaelekea linakotokea jua.

Hapo ndipo watu huanza kucheka kwenye harusi, na mimi huwasaidia kwa kuigiza jinsi nilivyokuwa nachechemea katikati ya vigari vya rikshaw na tramu za watu, natoa salamu kila upande kama niko njia ya Chanika. Jua likawa kali. Paja likaanza kutoa damu. Nilikuwa nimekwisha kutembea kiasi ambacho kwa hesabu yangu milima ilipaswa kuonekana, nami naona nyumba tu, na nyuma ya nyumba, nyumba. Mzee mmoja muuza chai kando ya reli ya tramu akaniona, akanikalisha kwenye benchi lake, akanipa chai kwenye kikombe cha udongo. Nilikuwa na maneno machache ya Kihindi cha jeshini. Akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Imfal.

Alicheka. Kisha akaitazama sweta, akautazama mguu, akaacha kucheka. Aliweka shavu juu ya kiganja, akafumba macho kama mtu anayelala, akafumbua, akainua kidole kimoja. Usiku mmoja. Akalala tena, akainua cha pili. Akalala tena. Aliendelea hivyo taratibu bila haraka, wateja wanamngoja, mpaka vidole vyake vikaisha. Nikadhani amemaliza. Akaushika mkono wangu, akaendelea na vya kwangu.

Nililia pale, Mhina. Sehemu hii harusini siisemi. Nililia mbele ya watu, mtu mzima mwenye mke na mtoto. Mimi na Hizza tulikuwa tumetenganishwa nchi nzima, na hakuna sehemu ya mwili wangu iliyokuwa imejua. Mguu haukuchoka, sikupata kiu, sikulala njiani. Ndege ilikuwa imenihamisha bila kuniambia.

Walinirudisha hospitali kwa gari la askari polisi. Jioni ile nikaomba karatasi, nikaandika nyumbani barua yangu ya kwanza tangu niondoke. Niliandika: "Nimefika Kalkuta, mimi mzima kiasi." Hizza naye Mungu alimhifadhi, na sweta nilimpelekea Magoma mwenyewe vita vilipokwisha. Akaipokea, akasema nimechelewa, siku hizi anasikia joto.

Hiyo ndiyo nusu yangu. Ile nyingine ni ya hapa nyumbani, na hiyo sijawahi kuisimulia popote.

Unajua kwamba kwetu msafiri akitoka, nyuma yake hapafagiwi mpaka ijulikane kwamba amefika. Ukifagia mapema umemfagia na yeye. Wakati watu wanakwenda Korogwe kuuza mahindi, jambo hili halikuwa na taabu: siku ya tatu unachukua ufagio wako. Lakini mimi nilikwenda mahali ambapo hakuna aliyejua ni jua ngapi. Bibi yako akafagia ndani, akafagia jikoni, akafagia nyuma ya nyumba. Ile njia ya kutoka mlangoni mpaka barabarani, niliyopita siku nilipoondoka, aliiacha. Majani ya mwembe wa jirani yakajaa. Nyasi zikaota. Watu wakamwambia, mama, andaa moyo. Yeye akasema hajaletewa habari ya kufika, na ya kutofika hajaletewa vilevile.

Ndipo mama yako akashikwa na homa. Wewe ulikuwa umeanza tu kusema maneno yanayoeleweka. Hakukaa siku nyingi.

Nilirudi mwaka mwingine kabisa. Treni ikapita Mnyuzi, hapo hapo unapokaribia sasa, na mimi nimepakata kitambaa chekundu nilichomnunulia mama yako Kalkuta, nimekaa nacho tangu melini nisije nikakikunja vibaya. Nilipofika nyumbani njia ya mlangoni ilikuwa safi. Bibi yako akaniletea maji ya kunawa miguu. Akangoja ninawe, akangoja ninywe, akangoja nikae. Halafu akaniambia.

Kumbe barua zote walizonijibu, sote wazima, mkeo anakusalimu, ziliandikwa akiwa kaburini. Ndivyo desturi ilivyo, aliye mbali hapewi msiba, asije akafanya jambo la kijinga njiani. Sikutaka kuelewa. Nilimwambia mama yangu mzazi maneno ambayo sitayaandika. Nikamwambia, "Mngeniambia ningekuja."

Akauliza, "Ungekujaje?"

"Ndege zipo. Mimi nimepanda."

Nilisema hivyo kwa dhati. Kwa miaka baada ya hapo nilikuwa nalala nikihesabu: kutoka milimani hadi Kalkuta asubuhi moja, basi kutoka Kalkuta hadi Bombei asubuhi nyingine, na kutoka Bombei mpaka hapa, wangeshindwa nini kunipakia? Wakati najua kabisa ndege zile zilikuwa za risasi na za damu, hakuna iliyokuwa ya kumpeleka askari kumzika mkewe. Lakini mtu akitaka kukasirika hahitaji ukweli. Nikawa namjibu bibi yako kwa neno moja moja. Yeye akawa anakulea, unamfuata nyuma umeshika pindo la kanga yake, na mimi nakaa hapa barazani nimenuna katika nyumba aliyonitunzia.

Shangazi yako ndiye aliyenishusha. Siku moja nimelalamika sijui juu ya nini, chumvi nadhani, akaweka upawa chini akaniuliza, "Kaka, unajua watu walikaa wapi siku ya msiba wa wifi?"

Nikamwambia sijui, sikuwepo.

"Walikaa juu ya nyasi," akasema. "Wanawake walikuja na fagio zao watengeneze uwanja, watu wapate pa kutandika mikeka. Mama akasimama mlangoni, akawazuia. Mkwewe amelala ndani, hajazikwa, na yeye anagombana na watu kwa ajili ya majani. Akasema mwanangu hajafika, hapa hapafagiwi. Wakamwona amerukwa na akili. Watu wa msiba wakakaa kwenye nyasi hivyohivyo, mpaka siku ya mwisho. Barua yako ya Kalkuta ilipokuja na kusomwa, alitoka na ufagio kabla msomaji hajamaliza, akafagia analia, na hatukujua anamlilia nani kati yenu wawili."

Neno moja tu, Mhina. Nimefika. Ningeliandika kutoka kituo chochote kile, hata kama kesho yake tunahama, watu wangemlilia mama yako kwenye uwanja uliofagiwa. Nilikuwa na karatasi aliyonipa yeye mwenyewe. Nimefanya makosa mengi na mengine unayajua, lakini hilo ndilo ninaloamka nalo.

Siku ile nilikwenda nikakaa karibu na bibi yako, nikaanza kumsaidia kupukuchua mahindi. Akanitazama, akaniuliza kama naumwa. Tangu hapo tulikuwa sawa.

Sasa nirudi kwenye swali lako, maana juzi nililijibu vibaya. Uliniuliza na kurudi, nikadhani unauliza habari za ndege. Ulikuwa unauliza kama utamwahi.

Hutamwahi, mwanangu. Nakuambia bila kuzunguka kwa sababu mimi nilizungukwa. Saa ile ikifika, mtu atatoka hapa mpaka Korogwe kupeleka simu ya maandishi. Simu itakutafuta chuoni. Utatafuta nafasi ya ndege, na ukiipata, ndiyo, asubuhi unaruka Kalkuta na adhuhuri uko Bombei. Halafu utakaa Bombei ungoje siku ya meli. Halafu bahari yote hiyo. Halafu Tanga, treni, lori, vumbi. Katika njia yote, kipande cha ndege ndicho kifupi, na ndicho pekee ulichoniuliza. Na watu wetu tunazika siku ileile. Ungekuja na sanduku lako ukute kaburi limeota nyasi, nawe masomo umeyaacha katikati, umebeba sweta.

Ndiyo maana hasira yangu haikudumu nilipojua umechagua Mnyuzi. Ulipiga hesabu kuliko baba yako. Uliona hakuna ndege ya kukurudisha, basi ukaamua usiondoke. Ni mapenzi, nayaona, wala sina la kuyakebehi. Kama mtu angenipa mimi zamani zile nafasi ya kushuka Mnyuzi na kumwona mama yako kila Jumamosi, ningeruka treni ikiwa bado inatembea. Ila mama yako alikuwa kijana, alikuwa ananingoja. Bibi yako hangoji urudi. Anangoja ufike, na hivyo ni vitu viwili.

Nakuahidi jambo moja, na nimekwisha kumwambia yeye na shangazi yako ili wasije wakanizuia: sitakuficha. Akiugua nitakuandikia anaumwa nini na anakula nini. Akizidiwa nitakuandikia amezidiwa. Na lile jingine likija, utalisikia kwangu, kwa mkono wangu, siyo kwa uvumi wala baada ya mwaka. Utalia huko. Mtafute mtu wa kukaa naye siku hiyo, yeyote, hata muuza chai. Mimi nitalia huku. Na wewe usinifiche pia. Usisubiri ufike ndipo uandike. Andika Tanga, andika melini, andika Bombei umekaa juu ya sanduku. Ukiwa na huzuni andika una huzuni, usiniletee sote wazima.

Asubuhi ya leo, ulipokwenda kuaga kwa wajomba zako, bibi yako aliniita. Alikuwa kwenye kigoda chake, ufagio mapajani, anapumzika katikati ya kufagia uwanja. Siku hizi anafagia kidogo, anakaa, anafagia kidogo. Shangazi yako akitaka kumpokea anafukuzwa. Akaniuliza, "Hiyo ndege ya mjukuu wangu, kutoka mji mmoja mpaka wa pili, inakwenda muda gani?"

Nikaona leo nyumba nzima imeshikwa na ndege. Nikamwambia asubuhi mpaka adhuhuri.

Akafikiri. Akautazama uwanja, kutoka mlangoni mpaka barabarani. Zamani aliumaliza maji ya chai hayajachemka. Akasema, "Basi ni kufagia kwangu."

"Vipi, mama?"

"Naanza jua likitoka, namaliza adhuhuri. Ndege hiyo si ya haraka kama mnavyoisifia."

Tukacheka wote wawili, mpaka akashika kifua. Alipopata pumzi aliniambia, "Kanihesabie siku hiyo ya ndege, uniambie. Siku hiyo nitafagia."

Nikamkumbusha kwamba tunangoja habari ya kufika kwanza. Akanikatiza. "Nilingoja mara moja. Safari hii nitaanza akiruka, nimalize akitua. Lakini kabla ya siku hiyo mtu yeyote asiguse njia ya mlangoni, mwambie na dada yako."

Nikapata ujasiri wa kumwuliza kama anajua ulichoniuliza mimi juzi. Akasema anajua, na yeye ulimwuliza: kama ukirudi utamkuta.

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia kunde zinaungua." Akaugeuza ufagio mikononi, akazipanga njiti zake. Halafu akasema, "Nilimlea aende. Akikaa hapa kunitazama nikivuta pumzi, nilikuwa nalea nini?"

Hilo ndilo neno lake. Sikuliongezea chumvi, na yeye hakuniambia nikupelekee. Nimelileta kwa sababu najua hatakuambia kwa mdomo wake, na wewe ulikuwa na haki ya kulisikia kabla treni haijasimama.

Mnyuzi si mbali tena. Sitakushika nguo, na sina mkono wa kufika huko. Ukishuka, njoo nyumbani, mlango ni wako, wala sitakusema mbele ya watu. Nitakuwa baba yako hivyohivyo. Lakini kabla hujalishusha sanduku, kumbuka ulivyotoka nyumbani alfajiri ya leo. Naandika haya jana yake, na bado najua ulichosikia. Chanika yote, nyumba hadi nyumba, wanawake walikuwa wanafagia, na wewe ukapita katikati ya sauti za fagio mpaka kwenye lori. Nyuma yako, kwetu, palikuwa kimya. Bibi yako alikuwa amekaa kwenye kigoda, ufagio mapajani, na majani yanaanza kudondoka juu ya njia uliyopita.

Kaa kwenye kiti chako, mwanangu. Ana uwanja wa kufagia.

Baba yako